Boraksi, uleksiti na Solubor: ipi inafaa shamba la miti linalokauka vilele

Mikaratusi iliyopata mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) au DAP (naitrojeni na fosforasi) ya kutosha hupaa vizuri msimu wa kwanza wa mvua. Kiangazi kinapoingia, majani machanga ya juu yanakunjamana, kilele kinakauka, na chini yake yanachipua matawi matatu au manne yanayoshindana kuwa shina. Mwenye shamba akidhani mbolea imekuwa chache huongeza NPK, na mwaka unaofuata vilele vingi zaidi vinakauka. Kinachokosekana hapo mara nyingi ni boroni, kirutubisho ambacho mti unakihitaji kwa gramu chache tu lakini bila hicho ncha yake haiwezi kuishi. Tumezipima hapa bidhaa za boroni zinazopatikana kwa wapanda miti: boraksi, uleksiti, Solubor, asidi ya boriki, na zile NPK ambazo mfuko wake umeandikwa kuwa zina boroni ndani. Hazilingani hata kidogo, na kosa la kuchagua au kupima linaweza kuua mche uliokuwa mzima.

Kwanza ieleweke kwa nini tatizo hili huufuata mti uliolishwa vizuri. Naitrojeni na fosforasi husukuma majani na shina, lakini boroni iliyomo udongoni inabaki ileile. Ile kidogo iliyokuwa inatosha mti mdogo sasa inagawanywa kwenye majani mengi mara kadhaa. Boroni ndiyo inayofunga pamoja kuta za seli changa, kwa hiyo upungufu huonekana pale seli zinapozaliwa, yaani kwenye ncha za matawi na ncha za mizizi. Tena katika mikaratusi na misindano boroni ikishafika kwenye jani haihami. Jani kuukuu linaweza kuwa na boroni ya kutosha huku kilele kinakufa mita mbili juu yake. Na kwa kuwa boroni huingia mtini pamoja na maji yanayofyonzwa, tabaka la juu la udongo lenye mboji likikauka, mti unanyimwa boroni hata kama ipo. Ndiyo sababu dalili hujitokeza kiangazi, na ndiyo sababu wengi huzichukulia kuwa ni ukame tu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni boroni. Ukame wa kawaida hulegeza majani ya mti mzima na kuyababua kingo, mara nyingi ukianza na yale ya chini. Upungufu wa boroni huanza juu: jani changa linakuwa nene, gumu, linavunjika kwa urahisi ukilikunja, na umbo lake limepinda. Vifundo vya tawi huvimba, gome hupasuka na kutoa utomvu. Kwenye misindano kichipukizi cha juu hufa, utomvu hutoka karibu nacho, na ukipasua ncha kwa kisu unakuta kiini chake kimegeuka rangi ya kahawia. Kichipukizi kilichopinda bila kufa, na matawi yanayoning'inia kana kwamba shina limekosa nguvu, ni dalili ya shaba zaidi kuliko boroni. Hii hutokea hasa kwenye ardhi iliyokuwa malisho au iliyotiwa naitrojeni nyingi. Majani madogomadogo yaliyosongamana kama kichaka huashiria zinki, na fosforasi nyingi huuzidisha upungufu huo. Lakini hapo kuna mtego mmoja: dawa ya magugu yenye glifoseti ikipeperukia kwenye mikaratusi huleta majani membamba yaliyosongamana yanayofanana sana na upungufu wa zinki. Uliza kwanza ni lini dawa ilipulizwa na upepo ulielekea wapi.

Njano ya majani makuukuu ni hadithi nyingine kabisa. Njano katikati ya mishipa kwenye majani ya chini ni magnesiamu, na mara nyingi huletwa na potasiamu iliyozidi kwenye mbolea. Jani la chini lililoungua kingo ni potasiamu. Zambarau iliyotanda kwenye majani makuukuu ni fosforasi. Boroni haitatibu lolote kati ya hayo.

Kipimo cha majani ndicho kinachomaliza ubishi, na kina utaratibu wake. Chuma majani ya mwisho kufunguka kikamilifu kutoka theluthi ya juu ya mti, si yale yaliyokwisha kufa na si yale ya chini. Weka fungu moja la miti iliyoathirika na fungu la pili la miti mizima ya umri uleule kwenye udongo uleule, kila fungu miti isiyopungua 10. Tumia mifuko ya karatasi, wala usiyachume kwa mikono iliyotoka kushika mbolea. Misindano yenye chini ya miligramu 8 hivi za boroni kwa kilo ya sindano kavu ina upungufu. Kwa mikaratusi, chini ya 12 hadi 15 ni eneo la hatari, na kiwango kizuri huanzia karibu 20. Kwenye udongo, boroni inayotoka kwa maji ya moto ikiwa chini ya miligramu 0.3 hadi 0.5 kwa kilo, tatizo linatarajiwa. Maabara ikikuletea namba za juu zisizolingana na unachokiona shambani, uliza kama walitumia vyombo vya kioo, kwa kuwa kioo cha maabara chenyewe kina boroni na kinaweza kuchafua sampuli. Vyombo vya plastiki ndivyo vinavyofaa.

Sasa bidhaa. Tuanze na NPK yenye boroni, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa zaidi na ndiyo inayokatisha tamaa zaidi. Wazo lake ni zuri: kila punje ina boroni, kwa hiyo kila mche unapata mgawo sawa. Shida iko kwenye hesabu. Mfuko ukisema boroni asilimia 0.1, gramu 100 unazompa mche zina gramu 0.1 tu ya boroni, wakati mti huo utahitaji gramu 1 mwaka wa kwanza na nyingine 3 hivi mwaka wa pili. Hata ile yenye asilimia 0.5, ambayo ni kiwango kizuri kwa NPK, inatoa nusu gramu. Ni kianzio kizuri siku ya kupanda, na tunaipendelea kuliko NPK tupu, lakini asiyeongeza kitu kingine baada yake atarudi kuviona vilele vilivyokauka. Kibaya zaidi ni ile inayochanganywa kwa mikono: punje za NPK na unga wa boraksi kwenye gunia moja. Gunia likisafirishwa, unga unashuka chini. Miche ya kwanza inapata karibu na sifuri, ile ya mwisho inapata kipimo cha kuiua. Usinunue mchanganyiko huo, na usiutengeneze mwenyewe.

Jambo la pili la kuangalia kwenye lebo ya bidhaa yoyote ya boroni: je, namba iliyoandikwa ni ya boroni yenyewe, B, au ni ya oksidi yake, B2O3? Namba ya oksidi ni kubwa zaidi na inavutia macho. Ili kupata boroni halisi, zidisha kwa 0.31. Boraksi yenye B2O3 asilimia 36.5 ina boroni asilimia 11 na ushee. Anayepima akidhani 36.5 ni boroni atatoa theluthi moja tu ya kinachotakiwa, kisha atasema boroni haifanyi kazi.

Boraksi ya kawaida, yenye boroni asilimia 11, ndiyo rahisi kupatikana na ndiyo yenye historia ndefu mashambani. Kuna pia iliyopunguzwa maji ndani yake, yenye asilimia 15 hivi. Ukiibadilisha moja kwa nyingine bila kubadilisha kipimo umeongeza boroni kwa karibu theluthi. Sifa ya boraksi ni kuyeyuka haraka: mvua mbili tatu na imeshaingia udongoni, kwa hiyo mti wenye dalili unaanza kupata nafuu kwenye machipukizi yanayofuata. Udhaifu wake ni huohuo. Boroni iliyoyeyuka kwenye udongo wenye tindikali haina chaji ya kuishikiza kwenye chembe za udongo, na maji yakishuka inashuka nayo. Kwenye udongo wa kichanga wenye mvua kubwa, boraksi yote ya mwanzo wa masika inaweza kuwa imeshaipita mizizi kabla kiangazi hakijafika. Papo hapo, siku chache baada ya kuwekwa, ukali wake karibu na mizizi ni mkubwa kuliko wa bidhaa nyingine yoyote ya ardhini. Boraksi ni nzuri kwa mtu anayepima kwa mizani na anayekubali kugawa kipimo mara mbili. Kwa vibarua wanaogawa kwa kiganja, hatuipendekezi.

Uleksiti ndiyo tunayoichagua kwa kazi ya ardhini. Ni madini ya boroni yenye sodiamu na kalisi. Ikiwa safi ina boroni asilimia 13, na ile ya kibiashara mara nyingi huwa karibu na 10. Huyeyuka polepole, kwa hiyo haiunguzi mizizi kwa urahisi, na inabaki ikitoa boroni kwa misimu kadhaa. Kwenye misindano ya New Zealand, ambako upungufu wa boroni umejulikana kwa miongo mingi, uleksiti imekuwa chaguo la kawaida kwa sababu hiyohiyo: shamba la miti halirudiwi kila mwezi kama bustani ya mboga. Ubora wake unategemea sana ukubwa wa punje. Unga laini huyeyuka karibu upesi kama boraksi na hupeperuka kwenye upepo, ilhali punje kubwa ngumu zinaweza kukaa mwaka mzima bila kutoa kitu cha maana. Punje za milimita 2 hadi 4 zinazovunjika zikibanwa kwa vidole viwili ndizo zinazofaa. Ukitaka kujua ulichouziwa, weka kijiko kidogo kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu na ukoroge. Boraksi itayeyuka na maji yatabaki maangavu, uleksiti itaacha maji yametibuka na mashapo chini. Kasoro ya uleksiti ni moja, nayo ni ya kweli: mti ambao kilele chake kinakauka leo hautaokolewa nayo msimu huu. Ni dawa ya kinga. Iweke mwanzo wa mvua, ili iwe imeshaanza kutoa boroni miezi kadhaa kabla ya ukavu.

Solubor, yenye boroni asilimia 20.5, ni ya kupulizia. Huyeyuka vizuri zaidi kuliko boraksi kwenye maji baridi, haizibi bomba la kupulizia, na haina uchafu wa kuchujwa. Kwa pampu ya mgongoni ya lita 15, gramu 40 zinatosha, ambayo ni kama asilimia 0.25. Ukipita asilimia 0.5 majani machanga yataungua. Puliza asubuhi mapema au jioni, ukilenga ncha. Lakini hesabu yake isimdanganye mtu: mche unaopokea mililita 200 za mchanganyiko huo umepata gramu 0.1 ya boroni, na kwa kuwa boroni haihami kutoka jani hadi jani, majani yatakayozaliwa wiki tatu baadaye hayatanufaika sana. Tunaithamini kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kitaluni, kwa miche inayokaribia kwenda shambani. Ya pili ni ya uchunguzi: puliza mistari miwili ya miti yenye dalili za mwanzo, acha miwili jirani, rudia baada ya wiki mbili, kisha linganisha machipukizi mapya. Tofauti ikionekana, umethibitisha tatizo kwa gharama ndogo kabla ya kununua magunia. Kuitumia Solubor ardhini inawezekana, ila unanunua uyeyukaji ambao udongo hauuhitaji.

Asidi ya boriki, asilimia 17.5, inafanya kazi ileile ya kupulizia na huyeyuka kwa shida kidogo kwenye maji baridi. Inafaa pale Solubor inapokosekana. Zaidi ya hapo haina la kusema.

Vipimo ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo hapa inafaa kwenda polepole. Kwa mche uliopandwa mwezi 1 hadi 3 uliopita, lengo ni gramu 1 ya boroni: gramu 9 za boraksi ya kawaida au gramu 10 za uleksiti. Mti ukitimiza mwaka, lengo ni gramu 3: takriban gramu 27 za boraksi au 30 za uleksiti. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani miti 1,111 kwa hekta, hiyo ya pili ni kilo 3.3 za boroni, au kilo 33 hivi za uleksiti kwa hekta. Kwenye udongo wa kichanga, ukitumia boraksi, gawa kila kipimo mara mbili na uache wiki sita katikati. Kwa udongo wa mfinyanzi wenye mboji nyingi kipimo kimoja kinatosha. Udongo uliotiwa chokaa nyingi hushikilia boroni na kuunyima mti, kwa hiyo usishangae dalili zikianza mwaka mmoja baada ya kuweka chokaa.

Mahali pa kuweka ni muhimu kuliko bidhaa yenyewe. Usiweke boroni ndani ya shimo la kupandia. Shimo la sentimita 30 kila upande lina udongo wa kilo 35 hivi. Gramu 10 za boraksi zikichanganywa humo zinafanya miligramu 30 na zaidi za boroni kwa kilo, ilhali mimea mingi huanza kuumia ikipita miligramu 5. Badala yake, nyunyiza kwenye mkanda wa duara kuanzia sentimita 20 hadi 60 kutoka kwenye shina. Eneo hilo ni kama mita 1 ya mraba, na gramu ileile 1 ikitawanyika kwenye sentimita 20 za juu inabaki karibu na miligramu 4 kwa kilo. Kwa mti wa mwaka mmoja, mkanda uanzie nusu mita na kufika mita 1.2. Palilia kwanza, kwa sababu magugu yana mizizi juu kuliko mti na yatachukua sehemu kubwa ya maji yanayobeba boroni hiyo. Usirundike upande mmoja, hata kama mteremko unakushawishi. Rundo ni sumu, mkanda ni chakula.

Boroni ikizidi, dalili ni kinyume cha upungufu: kingo na ncha za majani makuukuu zinaungua na kugeuka kahawia huku kilele kikiwa kizima kwa muda. Hakuna dawa ya kuiondoa. Maji mengi yanayopita kwenye udongo ndiyo pekee yanayoipunguza, na kwenye udongo mzito hilo huchukua muda mrefu. Ndiyo maana tunasisitiza kijiko kilichopimwa. Chukua kijiko au kifuniko cha chupa, kijaze bidhaa uliyonunua, kipime kwa mizani ndogo, kikate au ukiwekee alama palipo na gramu 10, kisha wape watu wote wa shamba vijiko vya aina hiyo hiyo. Rudia kupima kila unapofungua gunia la aina nyingine, maana unga na punje havina uzito mmoja kwa ujazo uleule.

Na NPK yenyewe ifanyeje? Punguza msukumo wa naitrojeni mwaka ule unaotibu upungufu wa boroni, usiiache kabisa. Gramu 100 hadi 150 za NPK yenye fosforasi nyingi, zikigawanywa kwenye vishimo viwili sentimita 15 kutoka kwenye mche na kufunikwa kwa udongo, zinatosha kupandia mikaratusi. Urea na DAP zisikaribiane na mizizi michanga, kwa sababu amonia inayotoka huiunguza, na mche wenye mizizi iliyoungua haufyonzi maji wala boroni hata ikiwa imejaa. Kwa mgrivea, punguza fosforasi zaidi: mizizi yake ya vishada imeumbwa kuitafuta fosforasi kwenye udongo maskini, na jamii yake inajulikana kwa kudhurika na fosforasi nyingi.

Bidhaa yoyote kati ya hizi haitanyoosha shina lililokwisha kugawanyika. Machipukizi mapya yakianza kutoka yakiwa manyofu na yenye majani laini, ndipo uchague moja lililo imara na kukata mengine kwa mkasi mkali, huku likiwa bado jembamba kuliko kidole gumba. Ukikata kabla boroni haijaingia, lile uliloliacha nalo litakauka kiangazi kijacho na kazi itaanza upya. Miti iliyopinda sana iwekee alama ili itoke kwenye upunguzaji wa kwanza.

Tukiulizwa cha kununua kwa shamba jipya la ekari kadhaa kwenye udongo unaojulikana kuwa na upungufu, jibu letu ni uleksiti ya punje kwa shamba lote mwanzo wa mvua, pamoja na pakiti ndogo ya Solubor kwa kitalu na kwa majaribio ya mistari miwili. Kwa shamba ambalo tayari linakauka vilele na mvua zimebaki wiki nane au zaidi, nunua boraksi, igawe kwa mizani, kisha mwaka unaofuata hamia uleksiti. Wenye kupanda maharage katikati ya miti mwaka wa kwanza wasubiri wavune kwanza ndipo waweke boroni, au waache nusu mita kati ya mkanda na mistari ya maharage, kwa sababu maharage huungua majani kwa kiwango cha boroni ambacho mkaratusi bado unakifurahia.